Makauboi wa bei chee: je, sinema ziliua riwaya?

Wasomaji wa riwaya za makauboi wana lawama moja ya siku nyingi, kwamba zile sinema za bajeti ndogo za miaka ya 1930 ziliwaharibia wahusika wao. Nawaelewa kabisa. Chukua Hopalong Cassidy, kwenye vitabu vya Clarence Mulford ni jamaa wa nywele nyekundu, anachechemea, chupa haimpiti na mdomo wake mchafu, halafu 1935 kwenye sinema anakuja mwigizaji William Boyd, nguo nyeusi tii juu ya farasi mweupe, hanywi, havuti, akiingia baa anaagiza soda! Hata kuchechemea kwenyewe, ambako ndiko kulikompa jina (hop along kwa Kiingereza ni kwenda kwa kurukaruka), walikumaliza na filamu ya kwanza, kapigwa risasi ya mguu, mguu ukapona, jina likabaki.

Ila mimi sikubali kwamba kosa ni la bajeti. Kumwacha steling achechemee kungegharimu shilingi ngapi jamani?

Angalia studio ya Paramount walivyofanya na riwaya za Zane Grey, mwandishi mwingine wa makauboi. Walikuwa na filamu zao za kimya za miaka ya 1920 stoo, wakazirudia kwa sauti huku wakichomekea vipande vya zamani. The Thundering Herd ya 1933, lile kundi la baisoni linalotimua mbio ni la filamu ya 1925, kwahiyo steling mpya Randolph Scott wakamvalisha afanane na Jack Holt wa ile ya mwanzo, kwa mbali humjui nani ni nani, na Noah Beery ndo adui kwenye zote mbili. Huo ni ubahili ndio, lakini wenye akili, na dairekta wake kijana Henry Hathaway ndo huyohuyo aliyekuja kutengeneza filamu ya makauboi True Grit 1969.

Kinachoniuma ni kule kulainisha. Riders of the Purple Sage, riwaya ya Grey ya 1912, maadui kitabuni ni viongozi wa Wamormoni, dhehebu la dini la Marekani, ila filamu ya Tom Mix ya 1925 ikawatoa ikaweka mwanasheria. Tom Mix alikuwa staa mkubwa, pale huwezi kusingizia umaskini, ni woga tu.

Na kweli Hopalong msafi alipendwa na watoto, zikafika filamu 66, zikaingia TV 1949. Shida ikarudi kwenye vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwandishi Louis L'Amour alipewa kazi ya kuandika riwaya nne mpya za Hopalong, yeye akamtaka yule wa Mulford, wachapishaji wakamtaka wa Boyd, na walioshinda ni wao. Zikatoka kwa jina la bandia, na L'Amour akakana kuziandika mpaka anakufa.