Saa Tatu Usiku, Geti Limefungwa

Msichana wa miaka 18 nchini India anapiga kura kumchagua mbunge. Lakini kutoka bweni la chuo saa tatu usiku? Katika mabweni mengi, thubutu! Aandike barua, mzazi apigiwe simu, matroni asaini. Mwenzake wa kiume yuko mtaani anakunywa chai hadi usiku wa manane, nani anamuuliza? Maktaba iko wazi, mtihani kesho, binti yuko nyuma ya kufuli. Eti usalama! Anayesumbua mabinti barabarani ni nani, na anayefungiwa ni nani? Ndiyo maana mwaka 2015 wanafunzi wa kike Delhi waliamka wakajiita Pinjra Tod, yaani vunja tundu. Jamani, mtu mzima afungiwe kama kuku hadi lini?