Kabla hujasimama kutaja ahadi yako

Desemba ikifika, Moshi hujaa. Waliotawanyika Dar, Mwanza na Dodoma hupanda nyumbani, magari yanapishana kwa shida kwenye barabara za Marangu, Machame na Kibosho, na usharika baada ya usharika unatangaza harambee: paa, nyumba ya mchungaji, vyombo vya kwaya, uzio. Wazee wa kanisa wana sababu nzuri ya kuchagua mwezi huo, kwani ndipo wenye uwezo wanapokuwa nyumbani. Harambee yenyewe siipingi. Ninachopinga ni namna tunavyoiendesha. Kwa saa mbili nzima, tena ndani ya nyumba ya ibada, tunawazoeza watu kumsikiliza mshehereshaji na kumchungulia jirani, na mazoea hayo hayaishii kwenye fedha. Yanaingia mpaka kwenye namna mtu anavyoomba na anavyotumika kanisani.

Utaratibu tunaujua sote. Mgeni rasmi anatangulia na bahasha yake, kisha ngazi inaanza kushuka: nani wa milioni? Nani wa laki tano? Nani wa laki mbili? Anayesimama anatajwa jina, mji anakotoka, hata ukoo wake. Pambio linapigwa, akina mama wanapiga vigelegele. Ikifika elfu kumi, sauti ya mshehereshaji imeshachoka. Mwisho kabisa linakuja lile tangazo: "Na wengine wote waliobaki, piteni na chochote mlichonacho." Hapo ndipo bibi anafungua fundo la kanga, anatoa noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne, anapita katikati ya msukumano huku kwaya ikiwa kwenye wimbo wa kumalizia. Hakuna anayemwona. Katika Marko 12:41-44 Yesu aliketi kulielekea sanduku la hazina, matajiri wakatia vingi, naye akawaita wanafunzi wake kwa ajili ya mjane wa senti mbili. Sisi tumepanga mambo kiasi kwamba mjane wa namna hiyo anapita wakati watu wanatafuta viatu vya watoto.

Madhara yanaanza Januari. Mtu alitoka nyumbani akiwa na laki moja moyoni. Mwenzake waliyesoma pamoja akasimama kwa laki tano, naye akaona aibu, akasimama kwa laki tatu. Januari ina ada, sare, kodi ya nyumba, na nauli aliyokopa. Mtunza hazina anapiga simu, simu haipokelewi. Jumapili inayofuata mtu haonekani, na Pasaka pia haji. Huku nyuma kamati imeshampa fundi kazi kwa kutegemea jumla iliyotangazwa, kwa hiyo ukuta unaishia kwenye linta. Usharika umepoteza fedha na umempoteza mtu, na chanzo ni kwamba kiasi kilipangwa na macho ya waliokuwa wameketi benchi la nyuma.

Tukumbuke Anania na Safira. Habari yao katika Matendo 5 inafuata mara tu baada ya Barnaba kuuza shamba na kuleta fedha miguuni pa mitume. Mume na mke hao nao waliuza kiwanja, wakazuia sehemu ya fedha kwa siri. Hakuna aliyewapangia kiwango. Petro mwenyewe alimwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa mali yake kabla ya kuuzwa, na hata kilipokwisha kuuzwa fedha zilikuwa katika uwezo wake. Wangeweza kuleta nusu na kusema ni nusu. Walitaka kuonekana wametoa chote.

Paulo anasema kila mtu atoe "kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (2 Wakorintho 9:7). Kukusudia ni kazi ya kabla. Kaeni mume na mke jioni ya kuamkia harambee, muandike vitu visivyosogezeka: ada ya muhula, chakula cha Januari, kodi, madeni, nauli ya kurudi. Ndipo muombe, mkubaliane kiasi kutokana na kilichobaki, na mkitie kwenye bahasha usiku huohuo. Fedha taslimu ni bora kuliko ahadi. Kama ni lazima iwe ahadi, igawe kwa miezi isiyozidi mitatu na uandike tarehe. Laki tatu iwe laki moja kila mwisho wa mwezi kuanzia Februari, maana Januari hailipiki. Ukishaandika, mshehereshaji akipanda au akishuka wewe usibadilishe. Na kama kweli umeguswa ukiwa palepale, lala kwanza. Ukiamka nia bado ipo, ongeza kwa lipa namba ya usharika. Mguso wa Mungu utakuwepo hata asubuhi. Ule wa vigelegele mara nyingi unakuwa umekwisha kabla gari halijafika Himo.

Wapo watakaoniuliza: je, Yesu hakusema nuru yetu iangaze mbele ya watu, wayaone matendo yetu mema? Alisema, Mathayo 5:16, na sura moja tu mbele anakataza kutoa sadaka ili kutazamwa na watu. Nasoma maneno hayo mawili pamoja kwa kuangalia sifa inamwendea nani. Katika 5:16 watu wanaona, kisha wanamtukuza Baba aliye mbinguni. Katika 6:2 mtoaji ndiye anayetukuzwa, na Yesu anasema huyo amekwisha kupata thawabu yake. Usharika ukijenga zahanati na wagonjwa wakamshukuru Mungu, nuru imeangaza. Jina la aliyetoa saruji halikuongeza kitu hapo.

Kuna upotofu mwingine unaonisumbua zaidi, kwa sababu unavaa vazi la kiroho. Ni ule wa kiongozi anayeulizwa mahesabu akajibu, "Mimi namtumikia Mungu, si wanadamu." Paulo, aliyeandika katika Wagalatia 1:10 kwamba kama angekuwa anawapendeza wanadamu asingekuwa mtumwa wa Kristo, ndiye huyohuyo aliyekataa kubeba mchango wa makanisa peke yake. Alisafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa, akiangalia mambo yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu" (2 Wakorintho 8:21). Kwa hiyo sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili, wasiotoka nyumba moja, siku hiyohiyo kabla ya mtu yeyote kuondoka. Noti zipangwe kwa thamani, elfu kumi peke yake, elfu tano peke yake, mpaka sarafu. Kila fungu liandikwe kwenye fomu, wote watie saini, na fedha zifike benki Jumatatu. Anayemcha Mungu hachukii kukaguliwa.

Kwa baraza la wazee ombi langu ni hili: acheni ngazi. Gaweni fomu za ahadi na bahasha zenye namba wiki mbili kabla, zirudi zikiwa zimefungwa, na kiasi cha kila mtu akijue mtunza hazina na wanaohesabu tu. Tangazeni jumla. Watu wote wapite pamoja, mstari kwa mstari, mgeni rasmi akiwa ndani ya mstari. Najua hofu iliyopo, kwamba makusanyo ya siku yatashuka. Huenda yakashuka kweli. Lakini ahadi hewa nazo zitashuka, na fundi ataitwa kwa fedha zilizopo mkononi. Mnada wa mazao baada ya ibada sina ugomvi nao. Mkungu wa ndizi na trei la mayai haviwezi kusubiri wiki ijayo, na ni njia ya asiye na fedha kutoa. Ila mnadi asiwachochee wawili wapandishiane bei mpaka kuku mmoja afike laki.

Na wewe ambaye ahadi ya mwaka jana bado inakudai, usikope ili kuficha uso. Mwendee mchungaji au mtunza hazina kabla hajakupigia, taja kiasi unachoweza kweli, hata kama ni elfu ishirini kwa mwezi. Nia ikiwepo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Ndivyo ilivyoandikwa katika 2 Wakorintho 8:12. Anayempokea mtu huyo afute kiasi cha zamani, aandike kipya, wote wawili watie saini, na orodha ya wadaiwa isibandikwe ubaoni wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la usharika.