Mtoto akiuliza swali gumu, msimwambie kaa chini

Jamani hii ya Erasto Mpemba huwa inaniuma kila nikiikumbuka. 1963 yuko sekondari ya Magamba, wanatengeneza aiskrimu, yeye akaweka maziwa kwenye friza yakiwa bado ya moto na mwenzake akaweka ambayo hakuchemsha kabisa, ya Mpemba ndo yakaganda kwanza. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa umechanganyikiwa wewe. Hakukata tamaa, baadaye akamuuliza Dk. Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar, wenzake wakamcheka ila yule akaenda kujaribu kweli, na 1969 wakaandika makala ya kisayansi wote wawili. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu hilo la cha moto kuganda kabla ya cha baridi, na linaitwa kwa jina la huyo Mtanzania.

Mimi nafundisha la nne hapa Dar. Mwaka jana mwezi wa tisa binti mmoja akaniuliza, mwalimu mbona kivuli cha mlingoti wa bendera kinazidi kuwa kifupi? Nilikuwa na somo la kumaliza, nusura nimwambie kaa chini tuendelee. Nikasema sijui, twende tukaangalie.

Basi kila Ijumaa saa sita na robo mchana tunatoka, mmoja anaweka kijiwe pale ncha ya kivuli inapoishia. Vijiwe vikawa vinausogelea mlingoti. Wiki ya pili ya mwezi wa kumi kivuli kikaisha, kimebaki kidoogo pale chini, watoto walipiga kelele mpaka darasa la jirani wakachungulia dirishani. Halafu kikatokea upande wa pili, upande wa vyoo! Hapo ndo ubishi ukaanza, huyu anasema jua limehama, yule anasema mlingoti umepinda, mwingine akaenda kuushika kabisa ahakikishe. Nilichukua chungwa na tochi baada ya wao kubishana vya kutosha, na nilivyosema dunia imeinama hakuna aliyesinzia.

Najua mtaniambia darasa lina watoto 90, silabasi haiishi, mitihani hiyo hapo. Kweli, naishi humohumo. Ila vijiwe ni bure na ilikuwa dakika kumi kwa wiki, na mtaala mpya wenyewe unataka mtoto atende, sasa atatenda nini kama swali lake tunalizima asubuhi asubuhi?

Tulipofunga shule yule binti alinifuata ofisini, anataka kujua likizo nani atakuwa anaweka vijiwe. Nikamwambia aweke kijiti nyumbani kwao.