Tanuru la Buhaya na uzito wa ushahidi wake

Mwaka 1976, katika kijiji cha Nyungwe huko Buhaya, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi na ambao leo ni Kagera, wazee waliowahi kuifanya au kuishuhudia kazi ya kuyeyusha chuma walipokuwa vijana walikubali kuijenga upya tanuru ya aina waliyoikumbuka. Walioomba ni mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, na mwaka 1978 wawili hao walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Dai lao lilikuwa zito. Walisema kwamba wahunzi wa magharibi mwa Ziwa Viktoria walikuwa wakipata chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa feleji tangu karibu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na kwamba siri yao ilikuwa kuipasha hewa joto kabla haijaufikia moto. Kwa viwanda vya Ulaya, utaratibu wa hewa moto ulipata hataza yake mwaka 1828 kwa jina la James Neilson wa Uskoti. Tangu makala hiyo ya 1978, habari hiyo imerudiwa mara nyingi, aghalabu bila mtu kuuliza ni sehemu gani ya dai iliyothibitishwa na tanuru yenyewe na ni sehemu gani iliyoongezwa na wasimuliaji.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kabla ya hoja. Mafundi walichimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto kuliko udongo wa kawaida, kisha wakachoma humo matete na nyasi za kinamasi mpaka shimo likajaa masalia yaliyoungua nusu. Juu yake wakajenga ukuta wa tanuru kwa udongo huohuo na mabonge ya mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, yaliyookotwa kwenye viwanja vya zamani vya wahunzi. Mawe ya chuma yalichomwa kwanza peke yake ili yakauke na kulainika, ndipo yakatiwa tanuruni pamoja na makaa. Jambo lililozua mjadala ni mirija ya udongo inayopeleka upepo wa mivuo: badala ya kuishia ukutani, ilisukumwa ndani hadi karibu na kitovu cha moto, ikawa imezungukwa na makaa yanayowaka.

Kwa Schmidt na Avery, maana ya mpangilio huo ilikuwa wazi: hewa inayopita ndani ya mrija uliozama motoni hupata joto njiani, na moto unaoipokea huwaka kwa ukali zaidi. Vipimo vyao vilionyesha nyuzi zaidi ya 1,800 za Selsiasi penye upepo, ilhali chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Walikuwa pia na ushahidi wa ardhini. Vipande vya mirija vilivyochimbuliwa kwenye maeneo ya kale ya Buhaya, yakiwamo ya Ghuba ya Kemondo, vilikuwa na dalili za kuungua na kugandiwa na mavi ya chuma kwa nje, hali ambayo mrija unaoishia ukutani haungeipata kwa urahisi. Hoja hii ina nguvu kwa sababu inaunganisha vitu vitatu vinavyotofautiana asili: kumbukumbu ya wazee, kipimo cha maabara na kigae cha kale.

Upande wa pili nao ulijibu. J. E. Rehder, mtaalamu wa tanuru za viwandani, na David Killick, mwanaakiolojia aliyechunguza uyeyushaji wa chuma katika eneo la Kasungu nchini Malawi, walipinga tafsiri hiyo bila kuukana ustadi wa Wahaya. Hewa hupita mrijani kwa kasi, na muda inaokaa humo ni mfupi mno kwa joto kubwa kuhamia kwake. Kipimajoto kilichowekwa karibu na mdomo wa mrija nacho hupigwa na mnururisho wa makaa, yaani joto linalosafiri moja kwa moja kutoka kwenye makaa kama mwanga, hivyo husoma joto la moto na kulihesabu kuwa la hewa. Zaidi ya hayo, tanuru ya Neilson ilipata faida kwa kuwa hewa ilipashwa nje ya tanuru, kwa moto mwingine, ilhali mrija wa Buhaya unachota joto kutoka kwenye moto uleule unaotakiwa kuongezewa nguvu. Kuhusu feleji, tanuru nyingi za kale, Afrika na kwingineko, zilitoa donge la chuma ghafi lenye kaboni isiyolingana, sehemu laini na sehemu ngumu, bila hewa kupashwa hata kidogo. Kinachohitajika ni makaa mengi na muda.

Kwa maoni yangu, katika suala la fizikia wapinzani wana hoja nzito zaidi. Kinachonisumbua ni namna mjadala ulivyofungwa kwenye kipengele hicho kimoja, kana kwamba hewa moto ikianguka, jaribio lote la Nyungwe linaanguka nalo. Sivyo. Matete yaliyoungua yanaweza kuwa chanzo cha kaboni chini ya donge, na yanaipa mavi ya chuma nafasi ya kushuka. Hilo ni wazo linaloweza kupimwa, na halihitaji hewa moto wala Neilson.

Kuna pia swali la kumbukumbu, ambalo wasomaji wengi hulipita. Wazee wa Nyungwe walikuwa hawajayeyusha chuma kwa miongo kadhaa, kwa kuwa chuma cha kununua kutoka Ulaya kilikuwa kimeua kazi hiyo. Mwanzo wao ulisuasua, na Schmidt mwenyewe aliandika jinsi walivyobahatisha, wakasahihisha na kubuni. Je, tanuru iliyofanikiwa ni ya babu zao au ni ya 1976? Nadhani ni ya wote wawili, na ndiyo maana haiwezi kusimama peke yake kama shahidi wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Kazi ya Profesa Bertram Mapunda huko Ufipa inalionyesha hili vizuri. Tanuru ndefu za malungu, zilizovuta upepo zenyewe bila mivuo, zilikumbukwa na wazee. Tanuru fupi za katukutu, zilizopatikana katika nyanda hizohizo, hazikuwa na mtu wa kuzieleza, na zimejulikana kwa jembe la mwanaakiolojia tu. Anayetegemea igizo la wazee peke yake angeziruka kabisa.

Majaribio yasiyo na wazee nayo yana kasoro yake. Nchini Wales, Peter Crew alijenga tanuru kwa mfano wa masalia ya kale na kuweka hesabu kali. Alikadiria kwamba kilo moja ya chuma kilichofuliwa kikawa mche ilihitaji takriban kilo 100 za makaa na siku 25 za kazi ya mtu mmoja. Takwimu hizo zilitumiwa kukadiria uchumi wa watu wa kale. Baadaye mafundi wa Marekani, Lee Sauder na Skip Williams, waliongeza upepo kwa kiasi kikubwa na wakapata madonge makubwa zaidi kwa matumizi bora ya makaa. Hesabu ya kwanza, basi, ilikuwa imepima pia ugeni wa anayejaribu. Mhunzi aliyekulia mvuoni angecheka kuona riziki yake inakadiriwa kwa mikono ya mwanafunzi, na katika hili wazee wa Nyungwe, pamoja na kusahau kwao, walikuwa na faida ambayo maabara hainunui.

Swali la hewa moto lenyewe halihitaji kubaki la imani. Tanuru mbili zijengwe kwa udongo mmoja, makaa ya aina moja na mawe ya chuma ya eneo moja. Moja iwe na mirija iliyozama ndani, nyingine iwe na mirija inayoishia ukutani, na upepo upimwe usizidiane. Vipimajoto vikingwe dhidi ya mnururisho. Kazi hiyo irudiwe mara za kutosha kutenganisha bahati na kanuni, kisha madonge yakatwe na kaboni yake ipimwe, na mirija iliyotumika ilinganishwe na vigae vya Kemondo kwa rangi, kwa unene wa kioo kilichoganda juu yake na kwa mahali kilipoganda. Ikiwa mirija iliyozama itatoa feleji ileile na ile ya ukutani, itabidi tueleze kwa nini mafundi walikubali kupoteza mirija yao motoni, na huenda sababu ikawa kupeleka upepo katikati ya tanuru pana, mbali na kuta zinazoliwa na moto.