Ukuta ule bado unatisha

Kuna mwandishi anayesema filamu za kutisha za miaka ya 80 zikitazamwa leo zinachekesha tu. Kwa A Nightmare on Elm Street ya Wes Craven (1984) sikubaliani naye hata kidogo. Nimeirudia juzi, mara ya kwanza niliiona utotoni kwenye kibanda cha video, mkanda umechoka hadi picha zinaruka. Freddy, yule muuaji anayewavamia vijana ndotoni, na sweta lake la mistari, hakunishtua sana safari hii. Kilichonikaba ni ule ukuta juu ya kitanda cha Nancy, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu: unavimba taratibu, uso na mikono vinajichora, kisha unatulia kama hakuna kitu. Hapo hakuna kompyuta, ni kitambaa kinachovutika na mtu anayeegemea kwa nyuma! Na chumba anamouawa Tina, rafiki yake Nancy, kilijengwa kiweze kuzungushwa chote, ndiyo maana anaburutwa hadi darini.

Halafu wazazi wale. Watoto wanalia wasilale, wakubwa hawasikii. Mama yake Nancy anaficha siri huku akinywa pombe. Utotoni hilo lilinipita kabisa. Sasa nami ni mzazi, na ndipo nilipoumia zaidi.