Masikio ya Spock Yataokwa kwa Oveni ya Nani?

Jamani, kuna watu wakipata bando la wiki hawajui wamshukuru nani wala walifanyie nini. Jana kijiweni kijana mmoja kakamata simu, kavuka mguu juu ya mguu, anatugawia vyeo. Eti Star Trek, ile tamthilia ya zamani ya Marekani ya chombo cha anga za juu, inatengenezwa upya (kichwani mwake), na yeye ndiye mpangaji wa nani aigize nani. Kapteni Kirk, huyu mwenye kifua. Spock, huyu mwenye macho. Uhura, yule mrembo wa juzi. Wote wamejazia, wote meno meupe. Chombo kizima cha anga za juu hakina hata sura moja iliyowahi kugombea mlango wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Mimi sina ugomvi na ndoto. Ndoto bado haijawekewa tozo. Ugomvi wangu ni watu kupanga waigizaji kama wanaochagua picha ya kalenda, halafu mwenye kuijua kazi akiuliza swali moja tu anaambiwa ana roho mbaya.

Maana hata ile ya kwanza haikupangwa kwa uzuri. Kipindi cha kwanza cha majaribio kilikuwa na Jeffrey Hunter kwenye kiti cha kapteni. Televisheni ya NBC wakakikataa, wakaagiza kingine, jambo ambalo si la kawaida. Hunter hakurudi, ndipo akaingia William Shatner, Mkanada. Katika wahusika wa jaribio la kwanza aliyevuka na cheo chake ni Leonard Nimoy peke yake, yaani Spock, Mvulcan (mtu wa sayari ya Vulcan) mwenye masikio ya ncha, na huyo naye wakubwa walikuwa wanamwogopa: kwenye kijitabu cha kuuzia tamthilia, picha yake ilichezewa na wapaka rangi mpaka ncha za masikio zikapotea. Masikio hayo hayo! Tamthilia ikaanza kurushwa tarehe 8 Septemba 1966, ikafika vipindi 79, ikafungwa 1969, na mpaka leo mtu akitaka kuichora kwa sekunde tano anachora sikio.

Basi nikamuuliza kijana kwa upole, kwa heshima zote za umri wangu: "Mwanangu, huyo Spock wako, masikio anayo?"

"Si yatawekwa, mjomba?"

"Yatawekwa na nani?"

"Kompyuta."

Haya. Kompyuta. Spock yumo karibu katika kila onyesho, na sekunde moja ya filamu ni picha 24. Kila anapogeuza kichwa, kila nywele inapopita juu ya sikio, kuna mtu wa kulipwa kuhakikisha sikio la bandia halikuachana na kichwa. Watengenezaji wanaojua kuhesabu fedha yao hawafanyi hivyo. Wanafanya lile la tangu enzi ya Fred Phillips, fundi aliyempamba Nimoy: sikio linabandikwa kwa mkono, alfajiri, watu wengine wakiwa bado wanakoroma.

"Linanunuliwa dukani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoomba benchi lote lisogee.

Sikiliza. La dukani ni la sherehe za watoto. La kazi linatengenezwa kwa kipimo cha sikio la mtu mmoja, na kushoto si sawa na kulia. Mwigizaji anakalishwa, tundu la sikio linazibwa kwa pamba, nywele za pembeni zinapakwa mafuta mazito zisinaswe. Unakorogwa ule unga wa madaktari wa meno wa kuchukulia alama ya meno, unamwagwa sikioni, na ndani ya dakika chache umeganda. Ukibanduliwa, shimo linalobaki linajazwa plasta. Sasa unalo sikio la plasta, na mwenyewe unaweza kumruhusu akanywe chai. Juu ya plasta fundi anafinyanga ile ncha kwa udongo, kingo akizilaza mpaka ziishe kama hazikuwepo. Anafunika kwa plasta nyingine, kalibu ikikauka anaifungua, anauchokonoa udongo wote. Ule uwazi uliobaki katikati ndio sikio la Mvulcan.

"Sasa si unamwaga mpira tu?"

Unamwaga mpira tu! Mpira gani? Ni povu la mpira, na povu lina masharti kuliko mkwe. Kipimo kinachotumika sana ni gramu 150 za utomvu wa mpira, 30 za dawa ya kutoa povu, 15 za kuivisha, na mwisho kabisa 14 za kugandisha. Unapiga kwa mashine ya kukorogea keki. Kwanza kwa kasi, lipande. Kisha polepole, mapovu makubwa yapasuke na amonia itoke. Ukiacha amonia nyingi, povu haligandi, linakaa kitambo likikutazama halafu linaporomoka. Ukiitoa mno, au chumba kikiwa na joto kama vyumba vyetu hivi vya bati lisilo na dari, linaganda ndani ya bakuli kabla hujaligusa kalibu. Unabaki na sponji lenye umbo la bakuli, na hakuna Mvulcan mwenye sikio la bakuli.

Likikubali, kalibu inaingia kwenye oveni, nyuzi 85 hivi, kwa muda wa masaa matatu au manne kulingana na unene wa plasta. Moto ukizidi, sikio linakuwa gumu na kupasuka. Ukipungua, linatoka bichi, unalivuta linabaki nusu kwenye kalibu. Masaa matatu mfululizo ya oveni, ndugu zangu wa mitaa yetu, hapo sisemi kitu. Mnajua wenyewe.

"Mama ana oveni," kijana akasema.

"Oveni iliyochoma povu la mpira haipikiwi chakula tena. Mweleze mama yako hilo. Atakufikisha sayari ya Vulcan bila chombo."

Mzee mmoja wa upande wa bao, ambaye tangu mchana alikuwa hajatia neno, akauliza kama kwa siku moja sikio moja linatosha. Swali la mtu mzima hilo! Kingo za sikio la povu ni nyembamba mno, ndiyo maana kamera haizioni. Lakini jioni ukilibandua, hata kwa kiyeyusha gundi na subira, kingo zinachanika. Kesho unahitaji jozi mpya. Ile ya zamani kipindi kimoja kilipigwa kwa siku sita hivi. Siku sita, jozi sita. Ukitaka kufika tena vipindi 79 kwa mwendo huo huo, ni jozi 474, masikio 948, bila ya akiba, na akiba lazima kwa sababu daima kuna mmoja atakayelaza kichwa kwenye kochi wakati wa chakula. Tena ngozi inasafishwa kwa spiriti kwanza, maana mafuta ya nywele na jasho ndio maadui wa gundi: saa sita mchana, chini ya mataa, ukingo wa nyuma unaanza kuinuka taratibu, na kapteni akiwa katikati ya hotuba kuhusu ubinadamu, macho ya watazamaji yote yako kwenye sikio.

Nyusi sijazigusa. Nimoy alinyolewa nusu ya nje ya kila nyusi ili zile za kupanda juu zibandikwe. Na televisheni ya Marekani mara nyingi humsainisha mwigizaji ahadi ya miaka sita au saba kabla hata hajafanya jaribio la mwisho mbele ya wakubwa, ili akichaguliwa asije akapandisha bei. Sasa yule mwenye macho wako, yule wa mabango ya sabuni, atakubali kuzunguka mjini na nusu nyusi kwa miaka saba? Harusini? Kwenye picha ya pasipoti?

Kijana akasema nimemwonea. Mimi! Nimemtengenezea sikio zima bila malipo.

Kinachoniudhi hasa, na hapa niacheni nikasirike kidogo, ni kwamba kila mwenye simu anapanga nyota na hakuna hata mmoja anayempanga fundi. Nani anaamka kuchapa hilo povu? Nani analala saa sita usiku akikwangua plasta kwenye kucha? Tunagawana umaarufu wa sura, na mtu aliyeitengeneza sura hatumjui jina, kisha kitu kikitoka kibovu tunasema tamthilia za siku hizi hazina mvuto. Hazina mvuto! Umemlipa nini mwenye mvuto?

Tuendelee.

Spock wangu ni Edi Gathegi. Kazaliwa Nairobi, kakulia California, na aliyemwona akiwa Mister Terrific kwenye Superman ya 2025 anajua kwamba yule anaweza kuamuru chumba bila kupandisha sauti. Kijana akaruka: "Mvulcan mweusi?" Tim Russ aliigiza Tuvok kwenye Voyager, Star Trek ya baadaye, kuanzia 1995 hadi 2001, misimu saba, Mvulcan mtupu asiyechanganywa na kitu. Kaa chini. Nisichomsamehe Gathegi ni jaribio. Ainue nyusi moja bila shavu kutikisika. Halafu mkono, ile salamu ya Kivulcan: vidole viwili huku, viwili kule, kidole gumba nje. Wapo wasioweza kabisa. Celia Lovsky, aliyeigiza T'Pau, kiongozi wa Kivulcan, mwaka 1967, ilibidi avipange vidole nje ya picha kwanza ndipo ainue mkono. Tena atoe shauri la kwake. Lile la kumminya mtu bega akazimia Nimoy ndiye aliyelileta, kwa sababu mwongozo ulimtaka ampige mtu kichwani kwa kitako cha silaha, naye akaona Mvulcan hafanyi uhuni.

Scotty, fundi mitambo wa chombo, ni Ncuti Gatwa. Hapo benchi lilichafuka. "Yule Mnyarwanda? Scotty ni Mskoti!" Naam. James Doohan wa kwanza alikuwa Mkanada wa Vancouver. Simon Pegg wa filamu ya 2009 ni Mwingereza. Miaka yote hiyo Waskoti wanasikilizishwa Uskoti wa kuazima, mpaka Strange New Worlds, Star Trek ya juzijuzi, walipompata Martin Quinn. Gatwa kazaliwa Rwanda, kalelewa Edinburgh na Dunfermline. Lafudhi anayo ya nyumbani, haihitaji mwalimu. Mwenye swali apeleke kwa serikali ya mtaa.

Uhura, afisa wa mawasiliano, ni Lupita Nyong'o, ila kwa sharti. Nichelle Nichols, Uhura wa kwanza, alipewa kiti, kifaa sikioni, na mara nyingi sentensi moja ya kutangaza kwamba mawasiliano yako wazi. Alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King akamsihi abaki. Lakini Kiswahili kilikuwemo tangu kipindi kile cha kwanza kurushwa: kiumbe kinachokula chumvi kinamjia kwa sura ya mwanaume na kumsemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata akafutwa kumbukumbu, akawa anafundishwa upya kusoma, na kila alipokwama alirudi kwenye Kiswahili. Kwa hiyo tunataka mtu ambaye akikwama, kinachomtoka kimetoka tumboni, si kwenye karatasi iliyoandikwa matamshi. Ila mtu mwenye Oscar hufungi mkataba naye wa miaka saba aje kusema laini ziko wazi. Muandikieni mambo, au msimsumbue.

Daktari McCoy ni Daniel Kaluuya, kwa vile ana macho ya mtu aliyeshaona foleni ya vipimo. Vifaa vyake vya upasuaji visiwe vya gharama. Vile vya zamani vilikuwa vichupa vya chumvi. Sulu na Chekov, waongoza chombo, gawaneni.

Kirk ndiye aliyetushinda. Tulifika majina kumi na moja na matusi mawili. Nikawaambia jina liwe lolote, kwanza tujue shati. Lile la Kirk lilikuwa la kijani, mataa na filamu ndivyo vilivyolifanya lionekane dhahabu. Tena kitambaa cha misimu miwili ya kwanza kilikuwa cha manyoyamanyoya, na kila kikisafishwa kinajikunja, mpaka msimu wa tatu wakahamia nailoni. Kapteni wa mwaka 1966 shati lilikuwa linambana wiki hadi wiki, si kwamba ananenepa. Au tuseme si wakati wote.

Ndiyo maana ushonaji ningeanza nao kabla ya usaili. Kitambaa kiloweshwe, kianikwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Jambo jepesi hilo. Lakini jaribu kumwambia fundi cherehani wa mtaani kwetu aloweke kitambaa kwanza. Anakutazama kana kwamba umemtukania mjomba. Unampelekea kanzu ya mtoto Shaabani, anapima kwa macho, mkanda wa futi uko shingoni kwa urembo. Ramadhani mwezi mzima anakwambia imebaki vifungo. Usiku wa Idi unamkuta anaendesha cherehani kwa tochi ya simu, kanzu ina mkono mmoja, na huo mmoja ni wa kanzu ya mtu mwingine.