Kabla ya Kupiga Windows Upya, Fungua Kwanza Folda ya Users

Kompyuta imezimwa jioni ikiwa na apdeti inayosubiri. Asubuhi inawaka, picha ya skrini imebadilika, Desktop ni tupu, Documents haina kitu. Mwenye mali anaibeba kwa fundi, Makoroboi au Nyegezi karibu na chuo, na jibu huwa lile lile: "Hii imeingia virusi, tuipige Windows upya." Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wa Mwanza. Mara nyingi apdeti haijafuta chochote. Imehamisha mafaili, imeyaficha, au imemwingiza mtumiaji kwenye akaunti ya muda. Kinachoyafuta ni ile saa moja inayofuata, pale diski inapofomatiwa kabla mtu hajaichungulia.

Sisemi apdeti haina lawama. Toleo la Windows 10 la Oktoba 2018, namba 1809, lilifuta kweli mafaili ya baadhi ya watu waliokuwa wamehamishia folda kama Documents mahali pengine. Microsoft ililisimamisha siku chache tu baada ya kulitoa, likarudi Novemba likiwa limerekebishwa. Lakini hilo ni tukio lenye tarehe na sababu inayojulikana. Kulifanya jibu la kila laptopu iliyoamka tupu ni uvivu.

Anza na diski C, folda ya Users. Ukikuta humo folda iitwayo TEMP, au jina la mwenye kompyuta likiwa na mkia wa .000 au .bak, umeshapata jibu: Windows imeshindwa kusoma profaili yake, yaani folda na mipangilio ya akaunti yake, na imemfungulia ya muda. Februari 2020 apdeti ya KB4532693 ilifanya hivyo kwa watu wengi, na kila mmoja alidhani kaibiwa kazi zake. Usihifadhi kitu chochote ukiwa ndani ya profaili ya muda, kwa sababu ukitoka tu inafutwa pamoja na vyote ulivyoweka. Zima na uwashe mara mbili tatu; mara nyingine profaili halisi inarudi yenyewe. Isiporudi, ingia kwenye folda yenye jina la mtumiaji, kubali Windows inapouliza ruhusa ya msimamizi, kisha nakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads kwenda diski ya nje. Ukishanakili ndipo ufungue rejistri, hazina ya mipangilio ya Windows (andika regedit kwenye Start), kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList. Humo utakuta namba ndefu ile ile mara mbili, moja ikiishia na .bak. Hiyo yenye .bak ndiyo profaili ya zamani. Ile isiyo na mkia ipe jina jingine, kisha yenye .bak iondolee mkia, na uwashe upya.

Sasa hatari kubwa kuliko zote, na inawapata hasa watu waangalifu. Ofisi nyingi ndogo, za wakala wa samaki pale Kirumba kwa mfano, zina kijiamri cha robocopy, chombo cha Windows cha kunakili mafaili, ambacho fundi aliwaandikia, kinachonakili kila usiku kwenda eksteno, yaani diski ya nje. Mara nyingi kimeandikwa kwa /MIR, kwa kuwa kinaonekana nadhifu: diski ya nje inafanana kabisa na kompyuta. Inafanana hata kompyuta ikiwa tupu. Amri ikitumia %USERPROFILE%, yaani folda ya yeyote aliyeingia, na mtumiaji yuko kwenye profaili ya muda, robocopy inaona folda tupu, kisha inafuta kila kilichomo kwenye eksteno ili pande mbili zilingane. Bakapu imekufa, na ripoti inasema kazi imekwenda vizuri. Kwa hiyo nasema wazi: /MIR isikae kwenye bakapu ya mtu asiyekagua ripoti. Tumia hii, ukiweka jina la mtumiaji halisi mahali pa "mama":

robocopy "C:\Users\mama\Documents" "Z:\Kazi\Documents" /E /XJ /R:1 /W:2 /LOG+:Z:\ripoti.txt

Hii inaongeza na kusasisha tu, haifuti. Diski itajaa mapema zaidi, sawa, lakini nafasi inanunulika. /XJ inaizuia isizunguke kwenye njia za mkato ambazo Windows huzificha ndani ya folda za mtumiaji. /R:1 na /W:2 ni lazima, maana bila hizo robocopy hujaribu faili lililogoma mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na asubuhi utaikuta bado imeganda kwenye faili moja la Excel lililoachwa wazi. Ukiiweka kwenye Task Scheduler, ratiba ya Windows ya kuendesha kazi zenyewe, usishtuke kuona matokeo ya 0x1: kwa robocopy maana yake ni kwamba kuna mafaili yamenakiliwa. Kuanzia 8 kwenda juu ndiyo kuna yaliyoshindikana.

Z nimeichagua kwa makusudi. Baada ya apdeti, eksteno iliyokuwa E inaweza kuamka ikiwa F, na amri inayotafuta E inashindwa kimya kimya kila usiku. Fungua diskmgmt.msc (iandike kwenye Start), bofya diski ya nje kwa kitufe cha kulia, uipe herufi ya mwisho wa alfabeti ambayo hakuna fulashi itakayoigombania. Na wakati apdeti kubwa inaingia, ichomoe kabisa. Mwaka 2019 Microsoft yenyewe ilizuia toleo la 1903 lisiingie kwenye kompyuta zilizochomekwa diski za USB au kadi za kumbukumbu, kwa sababu herufi za diski zilikuwa zinavurugika.

OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, nayo ina vituko vyake, na kwa mazingira yetu ya kununua bando vinaongezeka. Ukiweka Windows 11 na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, Desktop, Documents na Pictures zinaweza kuhamia ndani ya C:\Users\mama\OneDrive bila mtu kutambua. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Ila amri ya bakapu bado inasoma C:\Users\mama\Documents ya zamani, ambayo sasa haina kitu, na inanakili utupu mwezi mzima. Nafasi ya bure ni GB 5. Kwa anayepiga picha za harusi hiyo inaisha kwenye shughuli moja, na OneDrive inaacha kupandisha. Tena, wengi tumeweka hotspoti ya simu kama mtandao wa kupimwa ("metered") ili Windows isimalize bando. OneDrive ikiona hivyo inasimama. Kwa hiyo ile alama ya wingu pembeni ya faili ichunguzwe: wingu tupu maana yake faili liko mtandaoni tu, halimo kwenye diski. Lile la alama ya tiki ya kijani ndilo lipo. Ukitaka folda yote iwepo, bofya kitufe cha kulia, chagua "Always keep on this device", ukiwa na intaneti ya kutosha.

Mtu akikasirika na kuzima huo mpango wa OneDrive, Desktop inaweza kuwa tupu tena, na virusi wanasingiziwa kwa mara ya pili. Mafaili yamebaki ndani ya folda ya OneDrive. Yahamishe kwa mkono, basi.

File History, bakapu iliyomo ndani ya Windows yenyewe, naipenda kuliko wengi wanavyoipenda, kwa sababu moja: bakapu yake inasomeka hata bila yenyewe. Kwa kawaida hunakili kila saa moja, lakini baada ya apdeti kubwa inaweza kukutwa imezima au imesahau diski yake. Ifungue kwenye Control Panel na usome tarehe ya mara ya mwisho kunakili. Ikiwa ni ya kabla ya apdeti, chagua diski upya na ukubali kuendelea na bakapu ya zamani. Windows ikishapigwa upya na kompyuta ikapewa jina jipya, itaanza folda mpya na ya zamani itaonekana kama imepotea. Haijapotea. Ingia kwenye eksteno, folda ya FileHistory, halafu jina la mtumiaji, jina la kompyuta, Data, C, Users. Mafaili yana majina kama "mauzo (2025_11_04 06_15_22 UTC).xlsx". Saa hiyo ni ya UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele: 06_15 ni saa tatu na robo asubuhi ya hapa. Anayetafuta toleo la kabla ya chakula cha mchana alizingatie hilo, asije akarudisha lisilo lenyewe.

Kuhusu picha ya mfumo mzima, ile ya "Backup and Restore (Windows 7)", sina mengi. Ikigoma baada ya apdeti, angalia kwanza nafasi kwenye zile patisheni (sehemu za diski) ndogo zilizofichwa: iliyo chini ya MB 500 inahitaji MB 50 tupu, na iliyozidi hapo MB 320. Apdeti hupenda kujaza patisheni ya uokoaji.

Kuna jambo moja ambalo hakuna fundi wa Makoroboi wala wa Dar anayeweza kulitatua kwa ujuzi. Laptopu ikiomba ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima, baada ya apdeti, bila zile tarakimu 48 mafaili hayafunguki. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 ikiwekwa upya kwa akaunti ya Microsoft huwasha usimbaji yenyewe kwenye mashine nyingi. Wanafunzi wanaofunguliwa akaunti na muuza duka, na waliorithi laptopu ya mtumba yenye akaunti ya mtu mwingine, ndio wanaoumia. Mapema, kabla haijaomba ufunguo, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na nakili tarakimu zote kwenye karatasi. Kabla ya apdeti ya BIOS, programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, ambayo siku hizi huweza kupitia humo humo kwenye Windows Update, simamisha kinga kwa manage-bde -protectors -disable C: kwanza.

Tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, kazi ya kupandisha watu kwenda 11 imekuwa nyingi mjini, na ndipo Windows.old inapohusika. Ukipandisha bila kufomati, mfumo wa zamani hukaa kwenye folda hiyo kwa siku 10 kisha hufutwa. Chochote kilichokosekana kitafute C:\Windows.old\Users. Fundi anayeanza kwa "kusafisha diski ili ipumue" anaifuta siku ya kwanza. Muda unaweza kurefushwa hadi siku 60, kwenye Command Prompt ya msimamizi:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Ya umeme mnayajua. Kompyuta ya mezani ya steshenari isiyo na UPS isiachwe iapdeti usiku. Isitishe, Windows inaruhusu hadi wiki tano, kisha uifanye siku ambayo kuna mtu wa kuitazama.

Na kama kweli hakuna njia ila kufomati, fundi aitoe diski, aichomeke kwenye kompyuta nyingine, anakili folda yote ya Users, ndipo aendelee. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, programu za kurudisha mafaili zinaweza kuokoa kitu baada ya fomati. Kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, amri ya TRIM huiambia diski isafishe nafasi iliyoachwa wazi, na baada ya muda mfupi hakuna cha kutafuta. Laptopu nyingi zinazoletwa kuongezwa kasi sasa zimewekewa SSD. Nakala ikishakamilika, fungueni pamoja, fundi na mwenye mali, mafaili matatu ya aina tofauti kutoka kwenye eksteno, kwenye kompyuta nyingine, kabla ya kubonyeza Format.